Wimbo wa Vitana

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule nilikuwa na kazi tatu: kupakua uji wa mchele na viazi vitamu, kumwamsha mdogo wangu Boyan, na kubishana na Bibi. Hiyo kazi ya tatu sikupewa na mtu, niliichagua mwenyewe. Jina langu ni Wanru. Mwaka huo nilikuwa na miaka kumi na mmoja, na kijijini kwetu Haipu, pwani ya magharibi ya Taiwan, kila mtu alijua kwamba Wanru ukimwambia kaa, atasimama.

Wazazi wetu walifanya kazi kiwandani Kaohsiung na walikuja nyumbani mara moja kwa mwezi. Tulilelewa na Bibi. Tangu alfajiri alikaa kwenye kigoda mbele ya nyumba, beseni miguuni, akifungua chaza kwa kisu kifupi. Wanawake wote wa Haipu hufungua chaza, lakini Bibi peke yake alishika kisu kwa mkono wa kushoto, na hakuna aliyemfikia kwa kasi. Maganda yalimrukia huku na huku na yeye hata hayatazami.

Mwezi wa Aprili ililetwa barua. Nilimsomea Bibi, kwa sababu yeye hajui kusoma. Barua ilisema kwamba mtoto yeyote atakayeanza darasa la kwanza Septemba ni lazima kwanza apimwe macho kwenye zahanati, na kadi yake igongwe muhuri wa zahanati pamoja na muhuri wa mlezi. Bila kadi hiyo, shule isimwandikishe.

"Mimi nilianza kufungua chaza nikiwa na miaka sita," alisema Bibi. "Nani alinipima macho?"

"Lakini wewe hukwenda shule, Bibi."

"Ndiyo maana macho yangu bado mazima! Nyie mnaosoma ndio mnaishia kubeba vioo usoni."

Boyan alicheka mpaka uji ukamtoka puani. Kisha akanyoosha mkono kuchukua kikombe cha chai, akakikosa, chai ikamwagika mezani. Hilo halikutushangaza. Boyan alimwaga chai kila siku, alijikwaa kwenye kizingiti kila siku, na mpira ukirushwa kwake ulimpiga kifuani kabla hajanyanyua mikono. Tulisema ana papara. Akipenda, chongo huita kengeza, na sisi tulimpenda Boyan kupita kiasi.

Siku hiyohiyo shuleni rafiki yangu Peilun alinivuta pembeni.

"Boyan anapimwa lini?"

"Jumamosi. Kwani nini?"

"Unamkumbuka Azhong, jirani yetu? Mwaka jana alishindwa kusoma vitana. Wakambandika kitambaa jichoni, na shule hakwenda. Mwaka mzima yuko ndani. Sasa ana miaka saba na hajui hata kuandika jina lake."

Boyan alikuwa anahesabu siku za kuanza shule. Mkoba alikuwa ameshanunuliwa, wa rangi ya njano, na alilala nao.

Vitana ni zile alama za kupimia macho. Kila alama ina meno matatu upande mmoja, kama kitana cha kuchania nywele. Mtoto huziba jicho moja kwa kijiko cheusi cha plastiki, na kwa mkono mwingine huonyesha meno yanaangalia wapi: juu, chini, kulia au kushoto. Ubao wa vitana wa zahanati ya Haipu ulikuwa umetundikwa pale tangu mama yangu akiwa mdogo, haujawahi kubadilishwa. Basi watoto wa kijiji tulikuwa na wimbo wake. Tuliuimba tukipiga makofi, wawili wawili, bila hata kukumbuka umetoka wapi:

*Juu, kulia, chini, juu,*
*kushoto, chini, kulia, juu,*
*chini, chini, kushoto, juu,*
*aliyekosea abebe gunia la chumvi!*

Jioni ile, zahanati ilipofungwa, nilimpeleka Boyan kwenye dirisha lake, nikamwonyesha ule ubao kupitia kioo. Kwa jicho la kulia alionyesha vitana vyote mpaka vile vidogo kama chawa. Alipotumia la kushoto, mkono wake ulizunguka hewani kama anayefukuza nzi.

"Acha mchezo!" nilimfokea.

"Sichezi, dada."

"Unacheza. Sasa sikiliza. Ukiziba jicho la kulia, usihangaike kutazama. Imba wimbo moyoni, mkono ufuate."

Ndivyo nilivyofanya. Sikujiuliza kwa nini mkono wake ulizunguka. Nilichojua ni kwamba hakuna ubao wala barua itakayomzuia mdogo wangu kwenda shule, si mimi nikiwepo.

Jumamosi ilipofika tulimkuta Nesi Gao, mwanamke mwembamba mwenye sauti nzito, aliyekuwa amehamia kutoka mjini miezi miwili tu iliyopita. Wimbo wetu alikuwa hajausikia. Boyan aliziba jicho la kulia, na mkono wake ukaanza: juu, kulia, chini, juu. Mstari kwa mstari, mbio, bila kusita.

"Mbona upesi hivyo?" aliuliza Nesi Gao. "Hata fimbo yangu haijafika kwenye alama, wewe umeshajibu."

"Ana akili," nilidakia.

Alinitazama kidogo, halafu akagonga muhuri. Jioni Bibi alitoa muhuri wake wa jina, ambao kwetu hutumika kama saini, kwenye kifuko cha kiunoni, akaupulizia pumzi, akaugandamiza kwenye kadi. Nililala nikijiona shujaa.

Ushujaa wangu ulidumu siku sita. Siku ya saba Boyan alitaka tucheze maigizo ya vikaragosi kama yale ya uwanja wa hekalu. Yeye awe jenerali mwenye jicho moja. Nikachukua skafu yangu ya shule, nikamfunga jicho la kulia, nikamwambia, "Haya, Jenerali, chukua silaha yako," nikaweka mwiko mezani mbele yake.

Mkono wake ulishuka kando ya mwiko. Akapapasa. Akapapasa tena.

"Dada, huu moshi unatoka wapi?"

"Moshi gani? Hakuna moshi."

"Upo. Huwa upo nikitumia jicho hili." Akageuza uso kunielekea, akitabasamu. "Wewe jicho lako la moshi ni lipi?"

"Sina jicho la moshi, Boyan."

"Kila mtu analo! Moja la kuonea, moja la moshi."

Nikanyoosha vidole viwili mbele ya uso wake, nikamwuliza ni vingapi. Alifikiri kidogo, kisha akaanza taratibu: "Juu, kulia, chini..."

Nilimfungua skafu, nikakimbia nje kwa Bibi nikamweleza yote: wimbo, dirisha, moshi. Bibi aliendelea kufungua chaza. Nilipomaliza, alitazama barabarani huku na huku kwanza.

"Punguza sauti," alisema. "Muhuri umeshagongwa. Mtoto anaenda shule. Unataka nini tena?"

"Jicho lake halioni, Bibi!"

"La pili linaona. Watu wangapi wameishi na jicho moja wakaoa, wakajenga? Ukienda kusema, kesho kijiji kizima kitamwita chongo. Na wewe watakuita mwongo. Nyamaza."

"Mwongo ni mimi kweli. Waniite tu."

Niliingia ndani nikachukua kadi, nikamshika Boyan mkono. Bibi alisimama, kisu mkono mmoja, chaza mkono mwingine.

"Wanru! Ukitoka na hiyo kadi usirudi hapa!"

"Nitarudi, Bibi," nilisema. "Nitarudi na kadi isiyo na uongo. Ukinifungia mlango nitalala kwenye maganda ya chaza."

Zahanati ilikuwa inakaribia kufungwa. Niliweka kadi mezani kwa Nesi Gao nikasema yote kwa pumzi moja, kabla ukaidi haujaniishia. Alifungua droo, akatoa kadi nyeupe yenye kitana kimoja tu, kikubwa, ambacho angeweza kukigeuza kwa mkono atakavyo. Akarudi nyuma hatua chache.

"Ziba jicho la kulia, mwanangu. Meno yanaangalia wapi?"

Kitana kiliangalia chini. Mkono wa Boyan ulikwenda juu. Nesi akakigeuza kushoto, mkono wa Boyan ukaenda kulia. Akakigeuza juu, Boyan akaonyesha chini kwa furaha kabisa. Wimbo wote aliuonyesha hivyo, mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu, bila kukosea hata neno, na bila kuona chochote. Mwishoni akauliza, "Nesi, wimbo umekwisha. Nianze tena?"

Nililia. Sikuweza kujizuia.

"Usilie sasa," alisema Nesi Gao, na sauti yake haikuwa ya kubembeleza. "Ungelia siku ile. Unajua ulichofanya? Mimi nilikuwa natafuta jicho hili, na wewe ukanificha."

"Nilitaka aanze shule! Azhong mlimkataza shule!"

"Nani amekwambia? Azhong hakukatazwa na mtu. Wazazi wake waliona haya kile kibandiko, wakamfungia ndani. Nilipofika hapa nilikwenda kwao mara tatu, na nitakwenda ya nne." Alichukua kalamu nyekundu akakata muhuri wake mwenyewe kwenye kadi. "Hakuna mtoto anayefukuzwa shule kwa sababu ya jicho. Sheria inasema tujue kwanza. Basi. Shuleni nani angegundua? Jicho moja linamsaidia mwenzake, mtoto haanguki, halalamiki. Yeye anadhani dunia ndivyo ilivyo."

"Litapona?"

"Jicho lenyewe si bovu. Ni vivu. Limezoea kufanyiwa kazi. Tukilifunika lile zima kila siku kwa saa chache, hili litalazimika kujifunza. Lakini lina wakati wake. Sasa ana miaka sita, bado ni udongo mbichi. Akifika minane au tisa, udongo unaanza kukauka. Tunahitaji daktari wa macho mjini, na kwa hilo nahitaji muhuri wa mlezi."

Muhuri wa mlezi ulikuwa kwenye kifuko, na kifuko kilikuwa kiunoni kwa Bibi.

Nesi Gao alikuja nyumbani kesho yake na fomu mkononi. Bibi alimkaribisha chai, akamsikiliza mpaka mwisho kwa adabu, kisha akapasuka.

"Jicho zima mnalifunga, bovu mnaliacha wazi! Wewe binti, nyumba ikivuja upande mmoja, unang'oa paa upande mzima?"

"Mama, jicho si paa."

"Na mjukuu wangu si wa kujifunzia. Kunywa chai yako uende salama."

Nesi alikunywa chai yote, akaweka kikombe. "Nitarudi kesho," alisema. Alirudi kesho yake, na kesho kutwa. Kadi mpya hakuigonga, hata Bibi alipompelekea ndoo ya chaza. Aliirudisha ndoo ikiwa imejaa, akasema asante, ameshakula.

Siku ya tatu Bibi alikwenda kuoga, akaacha kifuko juu ya kitanda. Nilisimama nikakitazama. Ingechukua dakika moja tu kugonga muhuri na kukirudisha. Lakini uongo wa kwanza ulikuwa bado umenikaa kooni, sikutaka kumeza wa pili. Bibi alipotoka bafuni alinikuta nimesimama pale, fomu mkononi, kifuko hakijaguswa.

"Siuibi," nilimwambia. "Nataka uugonge wewe mwenyewe. Na sili mpaka uugonge."

"Usile. Wali utabaki, kuku watafurahi."

Nikamfuata nje. Akakaa kwenye kigoda, nami nikakaa chini mbele yake, tumbo likinguruma. Boyan alikaa kati yetu akipanga maganda. Nilitazama kile kisu kikizunguka kwenye mkono wake wa kushoto, na ghafla nikasahau njaa.

"Bibi, kwa nini wewe unafungua chaza kwa kushoto?"

"Si unajua? Ganda lilinikata kiganja cha kulia, baba yako akiwa bado ananyonya. Kidonda kikaoza. Mganga akanifunga mkono wote majira yote ya baridi."

"Kabla ya hapo, mkono wa kushoto ulijua kufungua chaza?"

"Huo? Ulikuwa gogo. Hata vijiti vya kulia wali haukuweza kushika."

"Sasa ulijuaje?"

"Ulijifunza!" alijibu kwa ukali. "Ungefanya nini, na mwenzake amefungwa? Ungengoja watoto wafe njaa? Wiki za mwanzo nilijikata kila siku, nikalia, nikatukana. Halafu ukazo..."

Kisu kilisimama ndani ya chaza nusu amefunguliwa. Sijawahi kuona kisu cha Bibi kikisimama.

"Na jicho langu la moshi pia ni la kushoto, Bibi," alisema Boyan, bila kuinua macho kutoka kwenye maganda yake.

Bibi alijifuta mikono kwenye aproni, polepole, kidole kwa kidole. Akafungua kifuko, akatoa muhuri, akaupulizia pumzi. "Leta hiyo karatasi," aliniambia. "Na uende ukale, mkaidi mkubwa wewe. Umenifanana mpaka inakera."

Daktari wa mjini alimpa Boyan miwani na vibandiko vya kufunika jicho la kulia kwa muda wa saa nne kila siku. Nesi Gao aligonga kadi mpya, na Septemba Boyan akaanza shule na mkoba wake wa njano.

Sitawadanganya kwamba ilikuwa rahisi. Boyan alibandua kibandiko akambandika paka. Alikitupa chooni. Alilia kwamba anaishi ndani ya moshi, nami nikakaa naye kila jioni tukitunga shanga kwenye uzi, kwanza kubwa, kisha ndogo. Shuleni walimwita chongo siku ya kwanza tu. Nilikuwa nimeshakunja ngumi, lakini alinitangulia.

"Hili lililofunikwa limeenda likizo," aliwaambia, mikono kiunoni. "Hili jingine ndilo limekuja shule. Wewe yako yote mawili yamekuja, mbona umepata sifuri ya hesabu?"

Bibi naye hakubaki nyuma. Wanawake wawili walipita mbele ya nyumba wakinong'ona kuhusu mjukuu wake, akawaita kwa sauti iliyofika hekaluni. "Semeni kwa nguvu! Mjukuu wangu analifunza jicho lake kazi. Wenu mmewapima, au mmewafundisha wimbo?" Mmoja wao alikuwa mama yake Azhong. Wiki iliyofuata nilimwona Azhong nje, kwenye jua, kibandiko jichoni, ameshikwa mkono na mama yake, wanaelekea zahanati.

Mwezi wa Machi, baada ya mwaka mpya wetu, tulikwenda kupima tena. Safari hii Bibi alikuja, amevaa blauzi yake ya sherehe. Ule ubao wa zamani ulikuwa umeondolewa. Nesi Gao alikuwa ametundika mwingine, wenye ndoano pande zote nne, na kila asubuhi aliutundika kwa upande tofauti.

Boyan aliziba jicho la kulia kwa kijiko cheusi. Nilisikia Bibi akivuta pumzi na kusahau kuitoa.

Boyan aliinamisha kichwa kidogo, akakunja uso. "Nesi," alisema, "huu sina wimbo wake."

"Najua," alisema Nesi Gao.

"Haidhuru. Naviona tu." Akanyoosha mkono. Kushoto. Kushoto. Chini. Kulia. Alikwenda polepole, akasita mara mbili, akakosea kimoja, akashuka mstari kwa mstari mpaka karibu na chini.

Bibi alitoa pumzi yake. Alinivuta begani, kwa nguvu, kama kawaida yake.

"Mficha maradhi, kifo humuumbua," alisema. "Nilisikia maneno hayo maisha yangu yote, nikadhani ni ya wagonjwa. Sikiliza, Wanru, na wewe Boyan. Mimi niliogopa aibu ya kibandiko, kumbe aibu ilikuwa ule wimbo. Mtu akipimwa, ajibu anachokiona. Kama haoni, aseme sioni. Hapo ndipo atakapopata wa kumsaidia. Na wewe mkaidi, siku nyingine nikikwambia nyamaza juu ya jambo kama hili, usinisikilize."

"Sikukusikiliza hata mara ya kwanza, Bibi."

"Najua," alisema, akafungua kifuko cha kiunoni. "Nesi, hiyo kadi iko wapi? Leo nagonga bila kuombwa."